Tupeane uzoefu: mtu maarufu alipowazungumzia mashoga, nyumbani kwenu kulibadilika nini?

Ndugu zangu, naomba tusimuliane jambo ambalo hapa Uganda huzungumzwa ama kwa kufoka ama kwa kunong'ona. Ni lini maneno ya mwanamuziki, mchungaji, mtangazaji au mchezaji wa mpira yaliwafanya ninyi au watu wa nyumbani kwenu kuwaona mashoga na wasagaji kwa jicho jingine, liwe jema au baya? Kuhusu sheria yenyewe tumeelezwa mengi: ile ya 2014 ilifutwa na Mahakama ya Katiba kwa kuwa akidi ya wabunge haikutimia, na ya 2023 imeweka kifungo cha maisha na, kwa makosa inayoyahesabu kuwa mazito zaidi, adhabu ya kifo. Lakini Bunge lilipitisha sheria hiyo likisindikizwa na makofi ya wananchi, na naamini makofi hayo yalianzia redioni, jukwaani na madhabahuni. Tafadhali msitaje jina la mtu asiye maarufu. Mwezi Aprili 2024 mahakama iliondoa kifungu kilichomlazimu raia kumripoti mwenzake, ila sehemu kubwa ya sheria ingali palepale, na simulizi zetu zisimtie mtu matatani.

Kinyozi, Jinja

Nilikuwa na kibanda cha kunyolea Walukuba. Mwishoni mwa 2012 televisheni ya NBS ilimwalika Pepe Julian Onziema, mtetezi wa haki za makuchu, yaani mashoga na wasagaji kama wanavyojiita wenyewe hapa Uganda, na mtangazaji Simon Kaggwa Njala akaanza kwa kumwuliza kwa nini yeye ni shoga. Baadaye akaingia mchungaji Martin Ssempa na matunda na mboga zake za kufanyia maonyesho. Kipande hicho kilizunguka kwenye simu kwa miaka, hadi watu wa nchi za mbali wakakifanya kichekesho chao. Siku moja kijana niliyezoea kumnyoa alikuwa kitini, nimemaliza upande mmoja wa kichwa, wenzake waliokuwa wakisubiri zamu wakaanza kuigiza swali lile huku wakimwelekea yeye, kwa sababu tu sauti yake ni nyembamba. Alicheka pamoja nao. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika kichwa, nikahisi shingo yake ikikakamaa. Alilipa, akashukuru, wala hakurudi tena. Nimewauliza wengi wanaolijua swali lile kwa moyo, na sijampata anayekumbuka Onziema alijibu nini, ilhali alijibu kwa utulivu tangu mwanzo hadi mwisho.

Mama wa duka, Kamwokya

Pole, ndugu kinyozi. Kwetu ilikuwa habari ya mwanamuziki Bobi Wine, ambaye amekulia mtaani hapa. Mwaka 2014 kumbi za London na Birmingham zilipofuta matamasha yake kwa sababu ya mashairi yaliyowashambulia mashoga, dukani kwangu hakuna aliyejadili mashairi yenyewe. Kilichosemwa ni kwamba Wazungu wamemwonea mtoto wetu, na vijana ambao hata hawakuujua wimbo huo wakaanza kuutafuta. Miaka ilipopita, naye akaanza kusema hadharani kwamba hata mtu usiyekubaliana naye ana haki zake kama binadamu, mwanangu mkubwa, anayemfuata kwa kila jambo, aliacha kutukana. Sisemi kwamba amebadili imani yake, maana nikimwuliza atanijibu yaleyale ya msikitini. Lakini matusi yameondoka mezani kwangu, na mkutano wowote wa mabalozi wa nchi za nje haukuwahi kuniletea hilo.

Shabiki wa mpira, Arua

Mimi sina mengi. Kwenye kibanda chetu cha mpira tumewaona manahodha wa Ligi Kuu ya Uingereza wakivaa kitambaa cha rangi za upinde wa mvua, alama ya kuwaunga mkono mashoga, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyeihama timu yake wala aliyebadili mawazo. Mwishoni mwa Novemba 2024, Marc Guéhi, wakati huo nahodha wa Crystal Palace, alipoandika juu ya kitambaa hicho kwamba anampenda Yesu, picha ilifika kwenye kundi la WhatsApp la kanisa letu usiku uleule. Kila mtu huchukua kwa mchezaji kile alichokuwa nacho tayari.

Muuguzi mstaafu, Masaka

Wanangu, mimi nilimwona mwanamuziki Philly Lutaaya. Mwaka 1989 alitoka Sweden akatangaza kwamba ana UKIMWI, na wengi wakasema anatafuta soko la nyimbo zake. Hakubishana nao. Alizunguka shuleni na makanisani huku mwili ukizidi kudhoofika mbele ya macho yetu, na Desemba ya mwaka huohuo akafariki. Wodini kwetu palikuwa na dada aliyemletea kaka yake chakula, akaiweka sahani sakafuni na kuisukuma kwa mguu hadi kitandani. Wiki chache baada ya mazishi ya Lutaaya nilimkuta ameketi kwenye kitanda kilekile, akimlisha kwa mkono. Hakuna mhadhara wetu uliofanya hivyo.

Baada ya sheria ya 2023, katika kliniki ninapojitolea, baadhi ya vijana waliacha kuja kuchukua dawa, na wengine huwatuma waendesha bodaboda. Nasikitika kwamba hakuna msanii mkubwa aliyesimama kwa ajili yao. Hata hivyo sitawalaumu kwa wepesi, kwa sababu Lutaaya alihatarisha jina lake, na msanii wa leo anaweza kufungwa hadi miaka 20 akihesabiwa kuwa anahamasisha ushoga.

Mwanzisha mada

Shikamoo mama, na asante sana. Je, lipo neno ambalo msanii anaweza kulisema leo bila kufungwa?

Muuguzi mstaafu, Masaka

Marahaba mwanangu. Lipo. Aseme tu kwamba mgonjwa yeyote asifukuzwe kliniki, mpangaji asipigwe, na mzazi asimtupe mtoto wake nje usiku. Hayo hayajakatazwa na sheria yoyote, na akiyasema mtu anayeimbwa kila harusi yatasikika kuliko nikiyasema mimi.

Mwanzisha mada

Basi naomba watangazaji wa redio waliomo humu watusimulie: je, mmewahi kumsikia msanii akisema hivyo hewani, na wasikilizaji waliopiga simu walisemaje?