Kubadilishana vijana kati ya Lubumbashi na Kitwe: tuanzie wapi?

Mlezi wa Katuba
Ndugu zangu, salamu. Kikundi chetu cha vijana kimepatana na wenzetu wa Kitwe, Zambia, ng'ambo ya mpaka wetu wa Kongo, kwamba mwezi wa Agosti vijana wanane wa hapa wakakae kule majuma mawili wakilima bustani ya shule kwa kujitolea, kisha wanane wa kule waje kwetu baadaye. Watatu kati ya wetu hawajatimiza miaka 18. Ninyi mliokwisha kupeleka vijana, mlianzia wapi?

Mama wa Kampemba
Anza na karatasi, ndugu yangu. Kila mmoja awe na pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano ya kwanza. Anayechanjwa juma la safari amekwisha kuchelewa. Habari ya viza kaulizeni katika ubalozi mdogo wa Zambia hapa mjini. Kwa hao watatu, idhini ya wazazi iandikwe na kuthibitishwa mapema. Sisi tulikaa mpakani Kasumbalesa tangu asubuhi hadi saa kumi jioni, katikati ya malori ya shaba, kwa sababu idhini ya msichana mmoja ilikuwa na sahihi ya shangazi yake, na barua ya mama mzazi ilikuwa imebaki juu ya meza nyumbani. Kosa lilikuwa langu.

Mzee wa Kamalondo
Lugha isikutishe, kwani Kibemba ndicho kinachosemwa mitaani Kitwe, na huku kwetu ziko nyumba nyingi ambamo bibi angali anakisema. Nao ugali wakiuita nshima, sisi tukauita bukari, sahani ni ileile. Barabarani ndipo pa kuwaonya: kule magari hupita kushoto, na kijana wa hapa huvuka akitazama upande usio na gari.

Linalonisumbua ni hiyo bustani. Agosti ni kiangazi pande zote mbili. Nani atamwagilia miche mkisharudi, na ni nani aliyeiomba? Tena, ziara ya kurudisha ipangiwe tarehe na fedha kabla wenu hawajaondoka, la sivyo itakuwa matembezi ya upande mmoja. Ufaransa na Ujerumani, zilizopigana vita mara tatu katika miaka 75, ziliunda ofisi yao ya vijana mwaka 1963, na hadi leo serikali zote mbili huichangia sawasawa.

Mlezi wa Katuba
Asante, Mzee. Bustani tuliichagua sisi, nakiri, na kesho nitawaandikia wenzetu niwaulize wanahitaji kazi gani. Mama, je, hiyo idhini iwe kwa Kifaransa tu?

Mama wa Kampemba
Kwa Kifaransa, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na nakala zikae katika mfuko wa kiongozi, si katika sanduku lililofungwa juu ya gari.