Je, Samuel wa "Demain tout commence" alikomaa, au alipata tu mtoto wa kucheza naye?

Mjomba wa Chumbageni

Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Ninaomba maoni yenu juu ya filamu ya Kifaransa ya mwaka 2016, "Demain tout commence", iliyoongozwa na Hugo Gélin, ambayo mhusika wake mkuu ni Omar Sy, yule ambaye wengi wetu tumemzoea katika tamthilia ya "Lupin". Niliitazama Jumamosi usiku pamoja na mpwa wangu wa miaka tisa nikidhani ni kichekesho tu, kwa sababu nusu ya kwanza inachekesha kwelikweli.

Kwa wasioijua, Samuel ni kijana wa starehe katika pwani ya kusini mwa Ufaransa. Anaendesha boti ya watalii, anakesha kwenye sherehe, na hakuna anachokikimbia kama majukumu. Siku moja anatokea Kristin, mwanamke aliyewahi kuwa naye kwa muda mfupi, anampakatisha kichanga na kumwambia kuwa ni wake, anamwomba pesa za kumlipa dereva wa teksi, kisha anaondoka na teksi hiyo hiyo. Samuel anamfuata hadi London ingawa hajui Kiingereza, hampati, na anabaki huko na mtoto, Gloria, kwa miaka minane. Bernie, mtayarishaji wa filamu, ndiye anayempatia kazi ya kuruka na kuanguka kwa niaba ya waigizaji wakubwa. Na ili Gloria asijue kwamba alitelekezwa, Samuel anamwambia kuwa mama yake ni jasusi anayezunguka dunia, halafu anakaa yeye mwenyewe na kumwandikia mtoto ujumbe kwa jina la mama.

Hapo mpwa wangu aliacha kucheka. Mama yake, yaani dada yangu, yuko Muscat kikazi, huu ni mwaka wa tatu, na kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana mimi humsomea mtoto ujumbe wa mama kutoka kwenye simu yangu. Kipande anachokipenda zaidi ni habari za paka wa Mutrah, mtaa wa huko Muscat, anayelala juu ya viatu vya watu nje ya msikiti. Basi aligeuka akaniuliza, "Mjomba, ule wa Ijumaa anaandika mama?" Nilimjibu kwamba ndiyo, kisha nikasingizia usingizi nikazima televisheni, na mpaka leo sijatazama kilichobaki.

Maswali yangu ni mawili. Je, mtu huyu anakomaa kweli, au filamu inatutaka tumpende hivyo hivyo alivyo? Na je, nimwache mtoto aone mwisho?

Bibi Mshonaji

Ndugu yangu, nianze na swali la pili kwa kuwa ndilo la haraka: usimwonyeshe kabla hujautazama peke yako. Sitaki kukuharibia, lakini swali lako halijibiki bila kuutaja mwisho, kwa hiyo asiyetaka kuujua aruke jibu hili. Gloria ni mgonjwa, filamu imeuficha ugonjwa huo muda mrefu, na mwishoni mtoto anakufa. Hayo hayakubuniwa na Wafaransa, kwani kisa chote kimetokana na filamu ya Kimeksiko ya mwaka 2013, "No se aceptan devoluciones", ya Eugenio Derbez, na humo pia mtazamaji anachekeshwa saa nzima na zaidi kabla ya kupigwa kofi.

Kuhusu kukomaa, mimi nina lawama moja ambayo sijaona ikitajwa. Filamu inatuonyesha Samuel asiyejua kushika kichanga, halafu baada ya picha chache za haraka haraka inatuletea binti wa miaka minane, mchangamfu, anayezungumza lugha mbili na kumtafsiria baba yake mbele ya mabosi wake wa Kiingereza. Nani alikesha na homa ya meno? Nani aliyejifunza kwamba nepi ikifungwa vibaya inavujia mgongoni? Kazi yote ya ulezi imeruka pale katikati, na kilichobaki ni matunda yake. Mimi nimelea wanne, wawili si wa tumbo langu, na ninaweza kuapa kwamba mtu habadiliki siku anayopewa mtoto, bali hubadilika usiku wa arobaini au wa hamsini, anapoamka kabla mtoto hajalia.

Tazama jinsi Wafaransa hao hao walivyolishughulikia jambo hili mwaka 1985 katika "Trois hommes et un couffin" ya Coline Serreau. Makapera watatu wa Paris wanaachiwa mtoto mchanga mlangoni, na mmoja wao anakwenda duka la dawa kununua maziwa ya kopo, anakutana na maswali ya umri na aina na ukubwa, na anatoka amechanganyikiwa kama mtu aliyetumwa kununua vipuri vya ndege. Tunaona mikono yao ikijifunza. Ndiyo maana mama anapokuja kumchukua mtoto, nyumba yao inapoa, na sisi tunaelewa kwa nini, kwa sababu tumekesha pamoja nao. Filamu ile ilipata tuzo ya César ya filamu bora mwaka 1986, na kwa maoni yangu haijapitwa.

Wakili Mstaafu

Ninakubaliana na Bibi kwa sehemu, ila ningependa kuongeza jambo la mahakamani, maana ndilo lililonikera. Kristin anarudi baada ya miaka minane na kumdai mtoto. Mahakama ya London inampa Samuel ushindi, na watazamaji tunafurahi. Kisha kinaletwa kipimo cha DNA kinachoonyesha kwamba Gloria si damu yake, na tangu hapo filamu inakwenda kana kwamba haki yote ya Samuel imeyeyuka, hata inambidi amtoroshe mtoto kurudi naye Ufaransa.

Sasa, kwa sheria ya Uingereza mambo hayaendi hivyo. Sheria ya Watoto ya mwaka 1989 inafungua kifungu chake cha kwanza kwa kusema kwamba ustawi wa mtoto ndio utakaotangulia kila kitu mahakama inapoamua juu ya malezi yake. Tena mtu ambaye mtoto ameishi naye kwa angalau miaka 3 anaruhusiwa kuiomba mahakama amri ya kuendelea kuishi na mtoto huyo bila kwanza kuomba kibali, awe ndugu wa damu au asiwe. Samuel alikuwa na minane. Kipimo kingekuwa ushahidi mmojawapo, na hakimu angeuliza pia mtoto anataka nini na atapata madhara gani akihamishwa. Kwetu nako msingi ni huo huo: Katiba ya Kenya ibara ya 53 na Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 zote zinatanguliza maslahi ya mtoto.

Nalisema hili si kwa kujionyesha, bali kwa sababu waandishi walitaka damu ishinde ili machozi yapatikane, na kwa kufanya hivyo wameudhoofisha ulezi wenyewe waliokuwa wakiusifu. Tunasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Filamu inausema msemo huo kwa saa moja na nusu, kisha inaukana kwa karatasi moja ya maabara.

Kijana wa Kisauni

Shikamooni wakubwa zangu. Naomba nimtetee Samuel kidogo, kwa kuwa naona anahukumiwa kama kwamba kukomaa ni lazima kufanane na kununa. Nyumba yao kule London imepangwa kama uwanja wa michezo, kazi yake ni kujirusha kutoka juu, na mtoto yuko naye mpaka kazini. Ni kweli kwamba hakuacha utoto. Lakini aliugeuza utoto wake ukawa kazi yenye mshahara, na mtu aliyekuwa akiogopa kufungwa na chochote anakubali kujivunja mbavu kila wiki ili alipe kodi ya nyumba. Kwangu huko ni kukomaa.

Pia tusisahau kwamba Omar Sy ndiye yule yule wa "Intouchables" ya mwaka 2011, ambamo Driss anakwenda kwa tajiri aliyepooza kutafuta saini tu ili aendelee kupata posho ya wasio na kazi, na anajikuta ameajiriwa kumhudumia. Humo tunaiona kazi yenyewe: kumvalisha mgonjwa soksi, kumlisha, kukataa baadhi ya majukumu kisha kuyafanya kwa kunung'unika. Kwa hiyo Bibi ana haki kuhusu yale yaliyorukwa. Ninachopinga ni kulitia kosa hilo shingoni mwa Samuel, wakati ni la aliyehariri filamu.

Juu ya ule uongo wa ujasusi, mimi naona Samuel hakosi sana katika kuuanzisha. Kosa lake ni kwamba kila ujumbe unamfanya mama awe mzuri zaidi, hadi mama halisi anapofika mlangoni hawezi kushindana na yule wa kwenye maandishi, wala baba hana tena pa kurudi nyuma.

Mjomba wa Chumbageni

Nawashukuru nyote. Nilimalizia filamu jana usiku peke yangu, na Bibi, nimekuelewa ulichonikataza. Mpwa wangu hataiona, walau si mwaka huu. Wakili, suala la miaka mitatu limenituliza kwa namna nisiyoitarajia, ingawa kwetu hakuna kesi.

Maneno ya Kijana wa Kisauni ndiyo yaliyoninyima usingizi, na inanipasa nieleze kilichonifanya nizime televisheni. Dada yangu huchoka sana. Ujumbe wake wa Ijumaa mara nyingi ni mstari mmoja: "Msalimie, asome kwa bidii, nampenda." Mtoto alikuwa akisubiri zaidi, nami nikaanza kuongeza neno hapa na pale, hasa mwezi ule alipokuwa hataki kula. Meli zilizowashwa taa usiku ni zangu. Paka wa Mutrah ni wangu pia.

Leo asubuhi nilimpigia dada, nikamweleza yote, nikamwomba Ijumaa hii arekodi kwa sauti yake mwenyewe, na kama anaweza amtaje paka. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni paka gani huyo na ana rangi gani, na mimi nikagundua kwamba rangi sijawahi kuitaja, kwa hiyo nimemwambia achague yeye.