Mjadala: Je, maonyesho ya reptilia yanayozunguka mashuleni yaendelee?

Mleta hoja: Huko Marekani ni jambo la kawaida bustani nzima ya wanyama kupakiwa garini, chatu ndani ya mfuko wa nguo na kobe ndani ya sanduku, ikapelekwa shule hadi shule, huku wenyewe wakieleza kwamba wanyama hao waliokolewa kutoka kwa watu walioshindwa kuwafuga. Maelezo hayo mara nyingi ni ya kweli. Kobe wa Sahel hununuliwa akienea kiganjani, kisha hupita kilo 40 na kufukua ua mzima. Chatu wa Burma huzidi mita 5, na waliotoroka au kuachiwa wamezaana katika vinamasi vya Everglades, Florida, hata mwaka 2012 serikali ya shirikisho ikapiga marufuku kuwaingiza nchini.

Ninachokipinga ni safari. Reptilia hutegemea joto la mahali alipo ili chakula kisagike tumboni na mwili upambane na maradhi, kwa hiyo kutwa barabarani wakati wa baridi si usumbufu mdogo kwake. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Marekani ya mwaka 1966 inawahusu wanyama wa damu moto pekee: mkaguzi anayemkagua simba wa sarakasi hana mamlaka, kwa sheria hiyo, juu ya mamba aliye katika sanduku la jirani. Nasi hatumo nje ya jambo hili, maana kobe bapa wa majabali ya Tanzania na Kenya alikamatwa mno kwa ajili ya soko hilohilo la wafugaji wa majumbani, hadi mwaka 2019 akaingizwa katika Kiambatisho cha Kwanza, chenye ulinzi mkali kuliko vyote, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mtoto akishikishwa kobe shuleni, jioni ataomba wake.

Mchangiaji: Ndugu, kuhusu sheria umesema kweli, ila mtoto huyo angeomba kobe hata bila onyesho, kwa kuwa duka liko wazi na muuzaji hamwelezi habari za kilo 40. Anayeeleza ni huyu mwenye gari. Kwetu kijijini kila nyoka huuawa, awe kifutu au yule wa nyumbani asiye na sumu anayekula panya wetu, na sijaona bango la kuelimisha watu lililobadilisha hilo. Badala ya kuyafuta maonyesho, yapewe leseni, kama England ilivyofanya kwa kanuni za mwaka 2018, kwa sharti kwamba anayejiita mwokoaji asizalishe wala asiuze.

Mleta hoja: Sharti la kutozalisha nalipokea kwa mikono miwili, maana hapo ndipo wengi watakapoumbuka. La kugusa bado tunatofautiana: mwaka 1975 Marekani ilizuia kuuza kobe wa majini wenye gamba lisilofika inchi 4, kwa sababu watoto walikuwa wakipata salmonela, bakteria wa kuharisha. Waonyeshwe, waulize, wasishikishwe.