Naomba ushauri: pikipiki mpya, usukani umekaa upande

Wakuu, hamjambo. Nina pikipiki mpya ya cc 150. Ilikuja kwenye kreti ikaunganishwa dukani hapa Mombasa, mbiombio nadhani, maana nati kadhaa nilizikuta zimekazwa kwa vidole tu.

Mambo madogo nimeyamaliza. Cheni ilikuwa imevutwa kupita kiasi. Nimeilegeza hadi ikawa yacheza kama milimita 25 katikati, nikalinganisha alama za kushoto na kulia kule nyuma, nikakaza ekseli. Kelele imekwisha. Waya wa klachi pia nimeuachia nafasi kidogo.

Kinachonishinda ni usukani. Nikienda moja kwa moja, mfano daraja la Nyali alfajiri kukiwa kweupe, hendeli inabaki imeelekea kushoto kidogo, ingawa pikipiki yenyewe haivuti upande. Upepo wa tairi uko sawa, rimu haichezi, na haijaanguka. Nikiinua gurudumu la mbele, usukani wazunguka laini bila kukwama.

Fundi wa mtaani anasema shokamzoba za mbele zilifungwa zikiwa zimejipinda. Ati nilegeze ekseli ya mbele na bolti za chini zinazozishika, nizibonyeze mara kadhaa zijinyooshe, kisha nikaze.

Waliowahi kufanya hivi: baada ya kubonyeza, nianze kukaza ekseli au bolti? Na nikigusa hapo mwenyewe, muuzaji aweza kukataa waranti? Duka liko ng'ambo, Likoni, na foleni ya feri mwaijua.