Toyota GT86 mjini Lubumbashi: matairi ya bei ndogo au ya daraja la juu?

Mwana_Lushi, Lubumbashi

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Gari langu ni Toyota GT86, gari dogo la michezo, yenye usukani wa kushoto, iliyotoka Ulaya, na matairi yake yamekwisha: mifereji ya matairi ya nyuma imebaki na kina cha chini ya milimita 3, na mvua za Novemba zinakaribia. Kipimo chake ni 215/45R17 (upana wa milimita 215, ubavu wa asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17), ambacho hakipatikani kirahisi mjini kwetu, kwa kuwa wauzaji wengi hujaza maduka yao matairi ya Land Cruiser na RAV4. Baada ya kuuliza huku na huko nimebakiwa na njia tatu.

Ya kwanza ni kuagiza Michelin Pilot Sport 4 mapya kutoka Afrika Kusini, yapitie mpaka wa Kasumbalesa. Ya pili ni matairi mapya ya China yaliyopo dukani leo, ambayo seti nzima ya manne inagharimu karibu sawa na mawili ya Michelin. Ya tatu ni Continental yaliyotumika, yaliyoshushwa kutoka kwenye kontena la Ulaya, ambayo muuzaji ananionyesha mifereji yake mirefu na kuniapia kwamba yana nguvu za matairi mapya.

Mimi huendesha mjini kila siku, na mwisho wa juma huenda Likasi, mara nyingine hadi Kolwezi. Sishindani na mtu, lakini nililipenda gari hili kwa jinsi linavyokata kona, na sitaki kulifunga matairi yasiyolifaa. Je, kwa barabara zetu kuna sababu ya kulipa mara mbili?

Fundi_wa_Kampemba, Lubumbashi

Karibu, ndugu. Nianze na njia ya tatu, kwa sababu ndiyo ninayoiogopa zaidi, na kazi yangu ya kila siku ni kufunga na kufungua matairi. Kina cha mifereji hakikuambii umri wa mpira. Tafuta ubavuni maandishi ya DOT, kisha usome tarakimu nne za mwisho: ukiona 2316, tairi hilo lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2016. Mpira huzeeka hata ukikaa ghalani. Hukakamaa, na nyufa ndogo huanza kuonekana ndani ya mifereji. Michelin na Continental wenyewe hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na liondolewe likitimiza miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama bado linapendeza macho.

Tazama pia kama ubavuni kuna alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake. Alama hiyo huwekwa kwenye matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya theluji, ambayo mpira wake umechanganywa ili ubaki laini hata baridi ikishuka chini ya nyuzi 7. Joto letu la Oktoba huulainisha mpira huo kupita kiasi, tairi huliwa haraka, na gari la michezo kama lako hupoteza kabisa ule ukali wa usukani uliolinunulia. Matairi ya aina hiyo huja ndani ya kontena yakiwa yamechanganyika na mengine, na si kila muuzaji anayatenganisha.

Mwisho, mwambie akuonyeshe upande wa ndani wa kila tairi. Kiraka kilichobandikwa karibu na bega, mahali ambapo tairi hujikunja kila linapozunguka, hakionekani likishafungwa kwenye rimu, na hapo ndipo litakapopasukia ukiwa mwendo mkubwa.

Dereva_RN1, Kasumbalesa

Heshima kwako, Papa Fundi. Kuhusu yaliyotumika tunakubaliana. Hata hivyo nasimama upande wa matairi mapya ya China, nami nina sababu. Hapa kwetu matairi machache hufa kwa kuchakaa. Mengi huuawa na mashimo na mawe yanayodondoka kwenye malori ya madini. Tairi lenye ubavu mfupi wa asilimia 45 likiingia shimoni kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ubavu hubanwa kati ya rimu na ukingo wa lami, nyuzi za ndani hukatika, na uvimbe hutokea, liwe limetoka Clermont-Ferrand kwa Michelin au Shandong kwa Wachina. Ukipoteza moja la China, kesho yake unanunua lingine sokoni. Ukipoteza moja la Michelin, gari linalala nyumbani likisubiri mzigo uvuke mpaka.

Tena, GT86 haifiki kilomita 230 kwa saa hata ikikamuliwa. Tairi lenye herufi ya mwendo V ubavuni limeruhusiwa hadi 240, lenye W hadi 270, na matairi ya bei ndogo ya kipimo hicho huandikwa W bila shida. Sioni sababu ya kulipia Y, ambayo ni 300, kwenye barabara ya Likasi.

Mama_Ibanda, Bukavu

Yaya Dereva, naomba nikupinge kwa heshima. Herufi ya mwendo inaonyesha tu kwamba tairi litahimili mwendo fulani pamoja na joto lake. Haisemi lolote juu ya umbali ambao gari litahitaji ili lisimame kwenye lami iliyolowa. Mimi naishi Bukavu, ambako mvua hunyesha tangu Septemba hadi Mei na karibu kila njia ni mteremko, na hapo ndipo nilipojifunza kulitazama tairi kwa jicho la breki kabla ya jicho la bei.

Tofauti kubwa kati ya matairi haya imo ndani ya mpira wenyewe. Zamani mpira uliimarishwa kwa masizi ya kaboni peke yake. Tangu miaka ya 1990 watengenezaji wakubwa waliingiza silika (unga laini utokanao na mchanga), ambayo huufanya mpira ushike lami yenye maji bila kuongeza mzigo wa kuliviringisha tairi. Silika ni ngumu kuichanganya vizuri, inahitaji kemikali za kuiunganisha na mpira na udhibiti mkali wa joto kiwandani, na sehemu ya gharama ya tairi la daraja la juu imo humo. Unaweza kunakili mchoro wa mifereji kwa kuutazama, lakini mchanganyiko wa mpira hauonekani kwa macho.

Kipimo cha kuaminika kipo. Kila tairi jipya la gari dogo linalouzwa katika Umoja wa Ulaya lazima liwe na lebo, na tangu Mei 2021 lebo hiyo hutoa daraja la A hadi E kwa mshiko kwenye maji, daraja jingine kwa matumizi ya mafuta, na kiwango cha kelele. Taarifa hizo zimewekwa wazi kwenye hifadhidata iitwayo EPREL, ambayo mtu anaweza kuifungua kwa simu akiwa amesimama dukani. Kati ya tairi la daraja la A na lile la chini kabisa, tofauti ya kusimama kutoka kilomita 80 kwa saa kwenye maji inaweza kuzidi mita 15. Ndugu Mwana_Lushi, fikiria mtoto anayevuka barabara mita 15 mbele yako, gari la mwenzako likiwa limekwisha kusimama na lako likiwa bado linateleza.

Na hata hoja ya mashimo, yaya, inarudi kwenye breki: anayesimama mapema ndiye anayeliona shimo na kulikwepa.

Dereva_RN1, Kasumbalesa

Mama, nimekuelewa, na hoja ya breki sina la kuijibu. Ombi langu ni kwamba tusiyaweke matairi yote ya China katika kapu moja. Linglong, Sailun, Triangle, na Westlake ya kampuni ya ZC Rubber yanauzwa Ulaya, kwa hiyo nayo yamo kwenye hifadhidata uliyoitaja, na mtu akitafuta atakuta mengine yana daraja B kwenye maji na mengine yameshuka chini zaidi. Ninayoyakataa ni yale yasiyo na jina linalopatikana popote.

Mhandisi_Likasi, Likasi

Nimeusoma mjadala wote na naona kuna njia ya nne ambayo hakuna aliyeitaja, nayo kwa maoni yangu ni bora kuliko hizo tatu. Mwana_Lushi, teremka kutoka rimu ya inchi 17 hadi ya inchi 16, ufunge 205/55R16.

Kipimo hicho sikukibuni: Toyota yenyewe ilikifunga kwenye gari hili la daraja la G, lililouzwa Japani kwa jina la 86. Tazama hesabu. Tairi lako la sasa, 215/45R17, lina ubavu wa takriban milimita 97 na kipenyo cha milimita 625. Tairi la 205/55R16 lina ubavu wa milimita 113 hivi na kipenyo cha milimita 632. Kipenyo kinaongezeka kwa asilimia 1 tu, kiasi ambacho kipima mwendo chako hakitapotoka kwa namna ya kukusumbua, lakini ubavu unapata milimita 16 zaidi za kupokea pigo la shimo kabla rimu haijaguswa. Hapo hoja ya Dereva inakuwa imejibiwa.

Hoja ya bei nayo inajibiwa. Kipimo chako cha 215/45R17 hufungwa kwenye magari machache zaidi, ilhali 205/55R16 ni miongoni mwa vipimo vinavyouzwa sana duniani, kwa kuwa ndicho cha Volkswagen Golf na magari mengi ya familia. Watengenezaji hushindana vikali hapo, bei inashuka, na uwezekano wa kulipata hata Lubumbashi au Ndola, Zambia, unaongezeka. Pesa ambayo ingekununulia tairi la kati la inchi 17 itakukaribisha kwenye tairi la daraja la juu la inchi 16.

Najua utauliza kuhusu kona. Upana unapungua kwa milimita 10 na ubavu mrefu utajikunja zaidi, hivyo usukani utajibu kwa kuchelewa kidogo. Lakini kumbuka kwamba gari hili lilipotoka mwaka 2012, wahandisi wake hawakulifunga tairi la mashindano. Walilifunga Michelin Primacy HP, tairi la safari za kawaida, kwa sababu walitaka dereva ahisi gari likianza kuteleza polepole, akiwa bado ana nafasi ya kulirekebisha. Uzito wake ni takriban kilo 1,240 tu. Gari jepesi lenye kitovu cha uzito kilicho chini halihitaji mpira unaonata kupita kiasi ili lifurahishe, na mtu anayelifunga tairi lenye mshiko mkubwa mno huisogeza furaha hiyo hadi kwenye mwendo ambao barabara ya Likasi haiuruhusu.

Kuhusu rimu, utahitaji zenye nati 5 kwenye duara la milimita 100, ambazo ndizo za Subaru Impreza za miaka mingi, na uhakikishe kwanza kwamba zinazipita breki za mbele bila kugusa.

Mwana_Lushi, Lubumbashi

Mhandisi, asante sana. Hilo la inchi 16 sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Naomba kuuliza jambo moja kabla ya kuamua. Kwa kuwa gari husukumwa na magurudumu ya nyuma, je, naweza kununua mawili ya daraja la juu kwa ajili ya nyuma na mawili ya bei ndogo kwa ajili ya mbele, ili nipunguze gharama?

Fundi_wa_Kampemba, Lubumbashi

Usifanye hivyo, ndugu. Breki nyingi hufanywa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo ukifunga mabaya mbele umekubali gari lichelewe kusimama na lisigeuke vizuri kwenye maji. Ukifanya kinyume chake ni hatari zaidi, kwa sababu mkia wa gari utapoteza mshiko kabla ya pua, na gari linalosukumwa kutoka nyuma litazunguka. Matairi manne yawe ya aina moja na umri unaokaribiana. Siku ukilazimika kubadilisha mawili tu, mapya yakae nyuma.

Mimi naunga mkono inchi 16, nikiongeza jambo moja: Lubumbashi hatari kubwa ni mvua za kwanza, vumbi jekundu la kiangazi linapogeuka utelezi juu ya lami pamoja na mafuta yaliyomwagwa na malori. Daraja la mshiko kwenye maji liwe A au B, usikubali chini ya hapo. Kama Michelin au Continental yatakushinda bei, Hankook na Kumho za Korea, au Falken na Toyo za Japani, zina matairi ya kipimo hicho ambayo ningeyafunga kwenye gari la mwanangu bila wasiwasi.

Mwana_Lushi, Lubumbashi

Basi nimeamua. Natafuta rimu za inchi 16, kisha matairi manne mapya ya 205/55R16 yenye daraja A kwenye maji, nikianza kuulizia Continental na kuishia Hankook. Ya kontena nimemrudishia muuzaji. Nilipoisoma alama ya DOT nilikuta mawili ni ya 2014. Papa Fundi, nikizipata rimu nitakuletea wewe.

Fundi_wa_Kampemba, Lubumbashi

Karibu sana. Njoo na rimu kabla ya kununua matairi, ili tuzijaribu kwenye breki na kupima tundu la katikati: la gari lako ni milimita 56.1, na rimu yenye tundu kubwa zaidi itahitaji pete, la sivyo usukani utatetemeka. Nati zitakazwa kwa spana inayopima nguvu ya kukaza, Nm 120, na utarudi baada ya kilomita 100 hivi nizikague tena. Kwa kilomita mia chache za mwanzo uende kwa upole, kwa sababu tairi jipya hutoka kiwandani likiwa na utando wa kuteleza juu yake. Upepo tutaanza na bar 2.4 kwa matairi ya baridi, yaani asubuhi kabla gari halijatembea, kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema.