Mjadala: Mgonjwa wa kisukari ahudumiwe kituo cha karibu au abaki hospitali kubwa?

Mleta mada, Nyakach

Wenzangu, naomba tulizungumze hili bila kuoneana haya.

Mama yangu ana kisukari, huu ni mwaka wa tisa. Siku ya kliniki anaamka saa tisa usiku. Boda hadi Sondu, halafu matatu kupitia Katito na Ahero mpaka Kisumu, tumbo tupu kwa sababu sukari inapimwa kabla ya kula. Mara ya mwisho nilimsindikiza. Tulifika kwenye foleni kabla ya saa moja, akatobolewa kidole saa tano na robo. Muda huo wote alikumbatia kikapu chenye chupa ya uji, akiniuliza kila mara kama sasa anaweza kunywa. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Kimashine kikasoma 6.1, sukari iko sawa. Daktari akaandika metformini, vidonge vya kushusha sukari, asubuhi na jioni, vilevile kama mwezi uliopita, na baada ya dakika nne tukawa nje.

Hoja yangu ni hii: mgonjwa ambaye sukari yake imetulia, hana kidonda, macho na figo ziko sawa, arudishwe kwenye zahanati au kituo cha afya cha kwao. Hospitali kubwa ibaki na waliozidiwa. Sheria ya Afya ya Msingi ipo tangu 2023. Na SHA, bima mpya ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya NHIF ya zamani Oktoba 2024, mpango ukawa kwamba huduma za ngazi ya 2 na ya 3, yaani zahanati na vituo vya afya, zinalipiwa na mfuko wa serikali. Ukishajisajili, hudaiwi mchango wa bima ndipo uhudumiwe. Ukipanda ngazi za juu, mchango lazima uwe umelipwa. Kwa mama asiye na mshahara, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Tena sisi wa huku Nyanza tumeshaiona njia hii. Wakati mmoja ARV, dawa za virusi vya ukimwi, zilifuatwa hospitali kubwa tu. Leo muuguzi wa zahanati anampa mtu dawa za miezi mitatu, hata sita, na mtu anaishi na kulima shamba lake. Mgonjwa wa sukari amekosa nini?

Muuguzi, Muhoroni

Pole kwa mama, ndugu yangu. Umesema kweli, lakini nusu. ARV zilikuja na wafadhili, daftari zake, na mtu wa kumfuata nyumbani aliyekosa kliniki. Kisukari kimetujia mikono mitupu. Kimashine tunacho, stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea damu, zikiisha tunakaa wiki kadhaa tukikiangalia tu. Metformini ipo mwezi huu, mwezi ujao namwandikia mgonjwa karatasi akanunue kemisti. Mnajua anachofanya: anameza kimoja badala ya viwili ili vimfikishe mwisho wa mwezi.

Hata hivyo kuna kazi tunayoiweza kuliko kliniki yenye foleni ndefu, nayo ni kupima kama miguu bado inahisi. Mgonjwa anavua viatu, anafumba macho, namgusa wayo kwa uzi mnene wa nailoni mpaka upinde kidogo, naye anasema "hapo" kila akihisi. Haihitaji stima wala maabara. Juzi alikuja mzee wa mashamba ya miwa. Nikagusa kidole gumba, nikagusa chini ya vidole, nikahamia mguu wa pili. Kimya. Akaniuliza, "Binti yangu, utaanza saa ngapi?" Nilikuwa nimeshamaliza. Nilipoingiza mkono kwenye gambuti lake nikatoa kokoto, na soksi ilikuwa na damu.

Mkazi wa Njoro, Nakuru

Mimi napinga, na napinga kwa uchungu. Baba alihudumiwa kituo kidogo miaka miwili. Kila mwezi kidole kinatobolewa, kitabu kinaandikwa "aendelee na dawa". Hakuna aliyempima HbA1c, kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu iliyopita. Hakuna aliyeangalia protini kwenye mkojo wala nyuma ya macho. Alipoanza kuona ukungu akaambiwa atafute miwani. Tulipofika hospitali kubwa damu ilikuwa imeshavuja ndani ya jicho, na jicho moja halikurudi.

Dada muuguzi, wewe kazi unaijua. Je, yule aliye zamu peke yake, na watoto wa chanjo na wajawazito wanamngoja? Kama tatizo ni foleni, watu wapangiwe saa na wapewe dawa za miezi mitatu hukohuko hospitali.

Mleta mada

Ndugu wa Njoro, pole sana kwa mzee. Umenisogeza. Nilisema "imetulia" kwa sababu kidole kilisoma 6.1, kumbe kidole kinasema ya asubuhi ile tu. Nimefungua kitabu cha mama usiku huu: HbA1c imeandikwa mara moja, miaka miwili iliyopita. Macho, sijaona popote. Na hiyo ndiyo hospitali kubwa yenyewe, kwa hiyo ukubwa wa jengo peke yake haukumlinda.

Basi nairekebisha hoja. Asirudishwe mtu mpaka kituo chake kiwe kimekaa na metformini na stripu miezi mitatu mfululizo bila kukatika. Na anaporudishwa, awe na tarehe ya kurudi hospitali kupimwa HbA1c, mkojo na macho, imeandikwa kitabuni kabla hajatoka mlangoni. Sheria nyingine ya 2023 inaviruhusu vituo vya umma kubaki na pesa vinazokusanya. Zinunue stripu kwanza. Wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walikabidhiwa mikoba Septemba 2023 yenye kimashine cha sukari ndani; wa kijijini kwetu alimpima mama mara mbili, stripu zikaisha.

Kliniki yake ni Alhamisi ijayo. Kesho napita kituo chetu kuuliza metformini iliisha lini mara ya mwisho, na ilichukua siku ngapi kurudi. Walio Seme, Vihiga na Busia, tafadhali ulizeni kwenu mtuambie.