MREJESHO: Mashua ya tumbo la mviringo inayoyumba nangani

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini mashua ya mita 7 inalala huku na huku ikitia nanga, hata upepo ukiwa mdogo. Asanteni nyote.

Kuongeza farumi (uzito wa kutuliza chombo): samahani kwa aliyeshauri, hali ilizidi kuwa mbaya. Kilo 120 za mawe chini kabisa juu ya mkuku (uti wa chini wa chombo), chombo kikawa kinajirudi kwa kishindo, sufuria zote chini. Mawe yaleyale yakisogezwa kuelekea pande zote mbili, kinayumba polepole, lakini bado kinayumba.

Kilichosaidia zaidi ni kamba ya tezi (nyuma ya chombo). Funga kamba ya mita 15 kwenye amari (kamba ya nanga) kwa fundo lisiloteleza, irudishe hadi tezi, kisha legeza amari mita 5 na uvute hiyo ya tezi mpaka omo (mbele ya chombo) itazame mawimbi. Maji yakigeuka, funga upya, la sivyo ubavu unarudi kwenye mawimbi.

Fundi pia alipigilia mbao mbili za sentimita 12 pale tumbo linapopindia ubavu. Mrama (kule kuyumba) umepungua wazi, ila ubao wa kushoto unavuja penye misumari; kalafati (kuziba nyufa za mbao) inarudiwa bamvua (maji makuu) lijalo.